Cheti cha Kwenda Nje

Ikifika Ijumaa mchana, mimi mwalimu wa Kiingereza huwa sina Kiingereza kilichobaki. Kimekwisha kama bando. Mwanafunzi akinisalimia kwa Kiingereza langoni namwitikia "marahaba", naye anabaki ameduwaa kwa sababu shikamoo hakuitoa. Wiki nzima nimezungumza lugha ambayo darasani anaijua mtu mmoja tu. Mtu huyo ni mimi, na zipo siku hata mimi najitilia shaka.

Nafundisha sekondari ya kata huko Kyerwa, si mbali na Rubwera. Mume wangu ni muuguzi Nyakahanga, wilaya ya Karagwe. Tulipooana watu walisema tuna bahati, wote wawili wafanyakazi, wote wawili mkoa mmoja. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya mkoa mmoja mtu anaweza kulala peke yake usiku mwingi kiasi hiki. Siku za kazi nalala chumba cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, yeye analala nyumbani kwetu. Ijumaa nafunga mkoba, napanda haisi hadi Omurushaka, nachukua bodaboda, nafika nimejaa vumbi au tope kulingana na msimu. Jumapili baada ya ibada narudi. Binti yetu yuko shule ya bweni, naye ana kitanda chake huko. Familia ya watu watatu, kila mmoja na paa lake.

Uhamisho nimeomba mpaka nimechoka kuomba. Lawama siwapi watu wa ofisini, maana utaratibu unaeleweka. Anatakiwa mtu wa kubadilishana naye, mwalimu wa Kiingereza aliyeko Karagwe anayetamani kuja Kyerwa, na mtu huyo nadhani bado hajazaliwa. Au amezaliwa, yuko kidato cha pili kwangu, na kwa Kiingereza ninachomfundisha hatakifikia chuo cha ualimu.

Habari ya cheti aliileta rafiki yangu, mwanamke tuliyefundisha naye shule moja, yeye akiwa wa historia na Kiingereza. Aliacha kazi, akaenda nchi moja ya mbali huko Asia kufundisha Kiingereza watoto wa chekechea. Kila baada ya siku chache alinitumia sauti kwa Watsapu. Sauti yake ilikuwa imenenepa, sijui niseme vipi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Dada, njoo," alisema. "Huku asubuhi unaimba wimbo wa wanyama, mchana unaimba wa rangi, siku imekwisha. Hakuna kusahihisha."

Watu wengine hushawishiwa na dhahabu. Mimi nilishawishiwa na maneno hayo mawili, hakuna kusahihisha. Siku ile mbele yangu kulikuwa na madaftari yaliyopangwa hadi usawa wa kidevu, insha za likizo, na katika kila insha mtoto amekwenda kwa bibi yake, bibi amefurahi, wamekula ndizi, mtoto amerudi. Nilikuwa nimesoma habari za bibi wale hadi nikaanza kuwachukia, na hawakuwa wamenikosea chochote.

Shahada yangu ya ualimu huko haikutosha. Walitaka cheti maalumu cha kufundisha Kiingereza, kwa kuwa sisi hatukuzaliwa nacho. Jambo hilo liliniudhi, nikanuna kama wiki hivi, kisha nikajiandikisha. Masomo yenyewe yalikuwa ya mtandaoni, ya chuo kimoja cha nje. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya majaribio, ili waone kama unafaa. Ukifaa unapewa nafasi, unaithibitisha mwenyewe kabla ya siku ya mwisho, unasoma hadi cheti, na wakala anakutafutia shule huko nje kwa mkataba wa miaka miwili. Usipothibitisha, nafasi inapewa mwingine.

Nilimwambia mume wangu Jumamosi moja, amekaa kibarazani anapiga kiwi viatu vyake vya kazini.

"Unaonaje?" nikamwuliza.

"Sawa tu."

"Ni miaka miwili."

"Si umeshasema miwili? Sawa." Akaendelea na kiatu cha pili.

Niseme ukweli wangu mapema, msomaji asihangaike kuutafuta. Nilitaka aseme usiende. Sisemi kwamba ningemtii. Pengine tungegombana vizuri, nikaenda hivyohivyo na hasira zangu kwenye begi. Lakini nilitaka kujua kama yupo mtu duniani ambaye kukosekana kwangu kungemwuma. Kama yupo, ningebaki na uchovu wangu. Kama hayupo, heri nikachokee kwenye nyimbo za wanyama.

Mume wangu ana neno lake moja, nalo ni sawa. Nilipomwambia nina mimba alisema sawa. Upepo ulipoezua bati la jikoni alisema sawa, akaenda kutafuta misumari. Wagonjwa wanampenda kwa sababu hiyohiyo. Mtu anamlilia kitandani, yeye anasema sawa, na mtu anatulia. Mimi si mgonjwa wake, na neno hilo lilikuwa halinitulizi tena.

Jumapili moja tulikwenda Kihanga kumsalimia mama yake. Mama mkwe wangu ana kibanja kizuri, migomba imeshikana na kahawa mpaka unaingia kivulini tangu njiani. Tulimkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Akatupa kahawa za kutafuna, tukakaa. Mume wangu akamweleza kwa Kinyambo kwamba mkwewe anatafuta cheti cha kwenda nje. Neno cheti alilisema kwa Kiswahili, kama tunavyosema sote. Mama akaweka kisu chini. Akanishika mkono, akanitazama macho, akanitazama na viganja, kama anavyofanya mwanawe kazini.

"Mwanangu," akasema, "unaumwa nini hata Nyakahanga wameshindwa?"

Kwake cheti ni karatasi ya hospitali. Cheti cha kwenda nje ni kile wanachopewa watu wa kupelekwa India, na wengi wa hao aliowajua hakuwaona tena. Tulicheka, mume wangu akashika tumbo. Yeye hakucheka. Nikamfafanulia kwamba ni cheti cha kazi, nikafundishe huko.

"Huna kazi?"

"Ninayo, mama."

"Ya nini?"

"Ya kufundisha."

Akachukua kisu chake. "Basi unaumwa," akasema, akaendelea kumenya, na hakulizungumzia tena siku hiyo.

Kazi ya kwanza niliyopewa na chuo ilikuwa kujirekodi nikijitambulisha, mimi ni nani, nafanya nini, naishi na nani. Nyuma ya duka walikuwa wanachomelea mageti, kwa hiyo nilikwenda kujirekodia migombani, pembeni ya uwanja wa shule. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaja shule, nikataja miaka yangu ubaoni, kisha nikafika kwenye familia. Nilisema, kwa sauti yangu nzuri ya darasani: "I used to travel to my husband every Friday." Nikatuma, nikajisifu kimoyomoyo.

Mkufunzi alikuwa mama wa makamo, yuko nchi ambayo dirishani mwake kulikuwa na theluji. Alinijibu kwa video. Alisifu matamshi yangu, akasifu na utulivu wangu. Kisha uso wake ukabadilika, akasema amesikitika sana. Akaniuliza taratibu kama ni zamani tulipoachana, na kama nina mtu wa kuzungumza naye.

Nilidhani amenichanganya na mwanafunzi mwingine. Nikarudia kusikiliza, kisha nikasikiliza na sauti yangu mwenyewe, ndipo nikashikwa na aibu pale pale nilipokaa. Nilichotaka kusema ni kwamba huwa nasafiri kwenda kwa mume wangu kila Ijumaa. Sisi tulifundishwa, au tulijifundisha, kwamba "used to" ndiyo huwa yetu. Huwa nanywa chai, "I used to drink tea". Huwa naamka alfajiri, "I used to wake up early". Walimu wangu walisema hivyo, nami nikasema hivyo, wakaguzi wakaja wakaketi nyuma ya darasa na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Kumbe kwa wenye lugha yao, maneno hayo yanahusu jambo lililokuwapo zamani na sasa limekoma. Nilikuwa nimemweleza mgeni kwamba hapo zamani nilikuwa na desturi ya kwenda kwa mume wangu kila Ijumaa, desturi hiyo imekwisha.

Aibu ya Kiingereza niliizoea, haikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kwamba sikumsahihisha haraka. Nilianza kuandika jibu, nikalifuta. Nikaanza tena, nikafuta. Kosa lile lilinikwama kama mwiba wa samaki, maana mwaka huo kulikuwa na Ijumaa kadhaa ambazo sikwenda. Ijumaa moja ilikuwa mitihani, nyingine mvua, nyingine sikuwa na sababu yoyote, nilivua viatu nikalala chali. Kila mara nilimpigia simu, naye kila mara alijibu sawa. Nikajiuliza kama yule mama wa theluji ameelewa vibaya, au ameelewa kabla yangu.

Mwishowe nilimwandikia kwamba ni sarufi yangu tu, mume ninaye. Alicheka sana, akaomba radhi, akasema makosa kama hayo ndiyo yanayomfanya aipende kazi yake. Nikamwonea wivu mtu anayependa makosa.

Somo lililofuata lilihusu kuuliza maswali. Alisema mwalimu asiulize kamwe kama wanafunzi wameelewa, kwa sababu watajibu ndiyo hata kama hawajaelewa kitu. Badala yake aulize swali dogo ambalo jibu lake litaonyesha. Nilikasirika kwa niaba ya taifa. Mwalimu wa Tanzania akinyimwa kuuliza "Are we together?" amebaki na nini mkononi? Tunaliuliza kila baada ya sentensi mbili. Darasa linajibu "Yes, madam" kwa pamoja, mwalimu anasonga mbele, kila mtu na heshima yake.

Hata hivyo nilijaribu, zaidi kwa kutaka kumwonyesha kwamba huku mambo ni tofauti. Kidato cha pili, Jumatano, baada ya mapumziko. Nikaandika ubaoni sentensi ileile iliyoniumbua, ila nikaibadilisha mhusika: "My father used to grow coffee." Nikaeleza safari hii kwa usahihi kwamba hili ni jambo la zamani lililokoma. Nikaeleza tena. Nikauliza, kwa mazoea, kama tuko pamoja. Bati lilitikisika kwa "Yes, madam".

Kisha nikauliza lile swali dogo. Je, baba huyu analima kahawa sasa?

"Yes, madam."

Darasa zima. Nikadhani hawajasikia, nikauliza upya polepole, nikaonyesha kwa mikono. Ndiyo, analima. Nikamsimamisha msichana mmoja wa dawati la nyuma ambaye hazungumzi mpaka aitwe. Nikamwuliza amejuaje.

"Madam, kahawa ipo," akasema kwa Kiswahili. "Hata leo nimeipalilia kabla ya kuja."

Katika kipindi changu Kiswahili ni marufuku, na siku ile nilisahau kabisa kumkanya. Nilikaa juu ya meza ya mwalimu, kitu ambacho pia ni marufuku. Niliwafikiria wote niliowafundisha, waliotawanyika Karagwe na Kyerwa na kwingineko, makarani, wauguzi, waongoza watalii labda, wote wakiwaambia wageni kwa uhodari kwamba mambo wanayoyafanya kila siku yamekwisha. Ilikuwa inachekesha. Ilikuwa pia inachosha, kujua kwamba nimefika kazini kila asubuhi kwa miaka yote hiyo kupanda magugu.

Nikawauliza kwa Kiswahili, bila hasira, wao huwa wanasikia nini mimi nikisema "Are we together?".

Walitazamana. Mwisho yule msichana wa nyuma, ambaye alikuwa bado amesimama kwa sababu sikumwambia akae, akasema, "Tunasikia kwamba unataka kumaliza, madam. Ndiyo tunakusaidia umalize."

Maneno hayo nilitembea nayo hadi Ijumaa. Siwezi kusema yaliniumiza, yalinikalia tu mahali. Ndani ya haisi niliyageuza huku na huku, na kila nilipoyageuza sikuwaona wanafunzi, nilimwona mume wangu na kiatu chake mkononi.

Ijumaa ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Chuo kilikuwa kimeniandikia kwamba nimefaa, na kwamba natakiwa kuthibitisha nafasi yangu kabla ya saa sita mchana ya Jumamosi kwa saa za kwetu. Nilifika Nyakahanga jua likiwa bado juu ya migomba. Yeye alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, ameshabandika ndizi na maharage. Wanaume wa kwetu wengi hawapiki. Yeye anapika kwa kuwa mkewe yuko wilaya nyingine, na anapika vizuri, ingawa chumvi anaiogopa kama sumu kwa sababu ya wagonjwa wa presha anaowaona kutwa.

Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia, "Daktari." Mtaani wote wanamwita daktari, nami namwita hivyo nikimtania au nikiwa na jambo zito. "Nikikuuliza kama ni sawa niende utasema sawa. Kwa hiyo sikuulizi. Niambie tu, Jumamosi ya kwanza mimi nikiwa sipo, wewe utafanya nini?"

Alikoroga kwanza. Mtu huyu ukimwuliza swali linalotaka maelezo hakwepi, atakupa maelezo, hata kama ni ya ugonjwa wako mwenyewe.

"Nitaamka," akasema. "Kama nina zamu nitakwenda. Kama sina, nitapunguza majani kwenye migomba. Mchana nitakula kiporo. Itakuwa kama Jumatatu."

"Basi?"

"Basi. Zote zitakuwa kama Jumatatu."

Nilijua nimepata jibu langu, na halikuwa lile nililolisafiria. Siku ya kawaida, mtu anaamka, anakwenda kazini, anakula kiporo. Nikasema, "Kwa hiyo umeshazoea."

"Nimezoea nini?"

Akafunika sufuria, akageuka.

"Na wewe, madam? Jumamosi yako ya kwanza huko utafanya nini?"

Nilifungua mdomo kumwambia nitatembea mjini, nitapiga picha nimtumie, nitakwenda kuona majengo yale marefu anayoyapigia picha rafiki yangu. Kilichotoka ni, "Nitalala."

Hata mimi sikukijua hadi nilipokisikia. Yeye akacheka. "Utapanda ndege ukalale?"

"Ndiyo," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka kama maji ya bomba bovu, bila kilio. Yalikuwa ya uchovu. Uchovu wa haisi na wa bodaboda, wa bibi wale wa kwenye insha, wa kujibiwa ndiyo na watu wasionisikia. Aliipua sufuria kabla ndizi hazijaiva vizuri, akanipakulia, nikala kidogo nikashindwa. Kabla ya kuingia ndani nilimwambia aniamshe mapema, kwa kuwa kuna jambo la kuthibitisha kwenye simu na saa sita ikipita limepita.

"Sawa," akasema.

Niliamka nikisikia bati linalia. Bati la nyumba yetu hulia likipata jua kali, na jua kali halipati mapema kwa sababu ya mparachichi wa jirani. Nilibaki kitandani kwa muda nikijua kitu bila kutaka kukijua. Kisha nikatoka na khanga moja, nywele hivyohivyo. Amekaa kibarazani, simu yangu iko juu ya goti lake.

"Saa ngapi?"

"Inakaribia saa nane."

"Nilikuambia uniamshe."

"Uliniambia."

"Ukasema sawa."

"Nilisema."

"Simu haikulia?"

"Ililia. Niliizima."

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea vile, na sitayaandika yote niliyoyasema kwa kuwa mengine yalimhusu mama yake ambaye hakuwa na kosa. Nilimwuliza nani kampa ruhusa ya kuniamulia. Akasema hakuna. Nilimwambia miezi yote hii namwuliza, namwuliza, na yeye sawa, sawa, kama amekodishwa, halafu siku ya mwisho ananiacha nimelala kama mtoto. Kwa nini hakusema?

Aliipangusa simu yangu kwa kiganja mpaka nilipomaliza.

"Uliniuliza kama ni sawa," akasema. "Ni sawa. Unatafuta kazi, hukutafuta mwanamume. Kitu kinaweza kuwa sawa na mtu asikitake."

"Jana ukaniambia itakuwa kama Jumatatu. Utaamka, utakula kiporo."

"Jumatatu unaijua?" akaniuliza. Hakupandisha sauti. "Wewe Jumatatu uko Kyerwa. Nikitoka kazini Jumatatu napitia kwa muuza duka nanunua kitu ambacho sikihitaji, ili nichelewe kufungua huu mlango. Alhamisi naanza kufagia."

Katika ndoa yetu yote hakuwa amewahi kunipa maneno mengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja. Nilitaka kubaki na hasira yangu, nilikuwa na haki nayo. Nikampokonya simu. Chuo kilikuwa kimetuma ujumbe kwamba muda umepita, ila kwa kuwa nilifanya vizuri, nikiwaandikia sababu kabla ya Jumatatu watanifikiria. Nilimsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, nimtazame.

Akaitika kwa kichwa. "Andika basi. Bando likikuishia nitakununulia."

"Hilo ndilo unalotaka?"

"Hapana."

"Unataka nini?"

Akatazama migomba, akatazama mikono yake, kisha akanitazama mimi, kazi kubwa kwake kuliko kuninunulia bando.

"Sitaki uende," akasema.

Nikamwambia arudie. Akarudia kwa sauti, hata jirani aliyekuwa akianika kahawa akageuka kututazama. Nikaufuta ule ujumbe wa chuo, nikaenda kunawa uso, nikaketi kando yake kula zile ndizi za jana ambazo hazikuiva vizuri, nikiwa nimechoka vilevile.